Mifupa ya Tendaguru na Majina Yaliyochelewa

SOMOE: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Tupo Lindi mjini, feni limegoma, kwa hiyo mkisikia napepea na gazeti msishangae. Issa, haya.

ISSA: Shikamoo dada Somoe.

SOMOE: Marahaba. Uliniambia leo unaleta mnyama.

ISSA: Mnyama mwenyewe mnamjua. Yule dinosaria wa Tendaguru, kile kilima cha huku kwetu Lindi, aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu mita 13.27 toka sakafuni hadi kichwani. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan. Mimi lakini kilichoninyima usingizi ni mizigo.

SOMOE: Mizigo gani tena?

ISSA: Wajerumani wamechimba pale 1909 mpaka 1913, wakaondoka na mifupa zaidi ya tani 200. Sasa niambie, toka Tendaguru hadi bandarini hapa ni kilomita kama 60. Reli hakuna, gari hakuna, ng'ombe wa kukokota hawafai kwa sababu ya mbung'o.

SOMOE: Vichwani.

ISSA: Vichwani na mabegani! Siku tatu, nne njiani. Mzigo mkubwa wanautundika kwenye mti, wanashika mbele na nyuma.

SOMOE: Na ule si mfupa wa kutupia mbwa. Ni jiwe.

ISSA: Jiwe kabisa. Maji ya ardhini yanapenya kwenye vitundu vya mfupa, yanaacha madini humo, miaka inakwenda, unabaki na jiwe lenye sura ya mfupa. Tena jiwe lenye nyufa. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mnyama yule peke yake unapita mita 2. Ukiunyanyua ovyo, umepata kokoto.

SOMOE: Walifanyaje sasa?

ISSA: Unachimba pembeni taratibu, unaupaka plasta kama fundi wa mifupa anavyomfunga mtu mguu. Plasta ikiwaishia, wanatumia udongo mwekundu na gundi. Halafu wanausukia mianzi kuuzunguka, wanakaza kamba. Kazi ya mikono hiyo, na waliokuwa na mikono ni watu wa huku.

SOMOE: Ambao majina yao hayakuandikwa popote.

ISSA: Machache yaliandikwa. Msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Mwingine ni Mohammadi Keranje, naye alikuwa na shimo lake la kusimamia. Sasa dada, mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina Australodocus bohetii. Kwa heshima ya Boheti huyo.

SOMOE: Karibu miaka mia baadaye. Hawakuwa na haraka.

ISSA: Ngoja. Mwaka 2019 mwingine, anayejulikana kwa pingili zake za mkia, akaitwa Wamweracaudia keranjei.

SOMOE: Wamwera?! Sisi?

ISSA: Nyie nyie.

SOMOE: Jamani, mimi Mmwera wa Nyangao, nina dinosaria na sikuambiwa! Bibi yangu angedai mahari.

ISSA: Sisi Wamakonde tumekaa tunangoja wetu.

SOMOE: Ngojeni tu. Ila mimi sitashiba jina, Issa. Mtoto wa shule hapa akitaka kumwona mkubwa wao, anahitaji viza.

ISSA: Hilo sikatai. Na huko Berlin kuna mafurushi ya mianzi yaliyofungwa hapa Lindi ambayo hayajafunguliwa mpaka leo.

SOMOE: Ya tangu Mjerumani?

ISSA: Yale yale. Wanayapitisha kwenye mashine ya CT, ile ya hospitalini, waone kilichomo bila kukata kamba.

SOMOE: Basi wiki ijayo zamu yangu. Nakuja na sarafu 5 za shaba za Kilwa ambazo askari aliziokota mchangani mwaka 1944, kisiwani kaskazini mwa Australia.

ISSA: Australia? Zilifikaje?

SOMOE: Wiki ijayo, nimesema. Nenda kamwite fundi wa feni.