Saa tisa usiku, na mto umechukuliwa

TATU: Haya, tunarekodi. Karibuni tena jamani. Leo nimekuja na karatasi, ina mambo matano kuhusu maumivu ya nyonga, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. La kwanza...

REHEMA: Karatasi yako isubiri, Tatu. Nisipoanza na usiku wa Jumanne sitatulia hapa.

TATU: Sema, mwenzangu.

REHEMA: Saa tisa usiku nimeamka, mkojo umenibana. Nimelalia ubavu wa kushoto, na upande wa kushukia kitandani ni wa kulia. Kwa hiyo kazi ni moja tu, kugeuka. Nikausogeza mguu wa kulia peke yake, pale mbele kwenye kinena pakalia ko! Maumivu yalinipasua mpaka kwenye paja. Nikabaki vile vile, mguu mmoja huku, mwingine kule, siwezi kwenda wala kurudi. Machozi yanashuka kimya kimya kwa sababu sitaki kumwamsha baba watoto.

TATU: Pole sana. Wiki ya ngapi hii?

REHEMA: Ya 31. Na mto wangu wa magotini haupo.

TATU: Haupo vipi?

REHEMA: Baba watoto kaukumbatia. Kalala nao fofofo.

TATU: Ule mto niliokupa mimi?

REHEMA: Ule ule.

TATU: Hapana, hilo tulizungumze. Wasikilizaji, mto ule niliulalia mimba yangu nzima. Nilimkabidhi Rehema kwa mkono wangu, nikamwambia usiazime mtu.

REHEMA: Sikuazima! Niliamka nikakuta umehama.

TATU: Sawa, ila mnielewe kwa nini nashupalia mto. Pale mbele mifupa miwili ya kinena inakutana, katikati kuna gegedu. Nafasi yake ni kama milimita 4 au 5, na ukiwa mjamzito inaongezeka milimita 2 au 3 hivi. Nyuma, chini kabisa ya mgongo, kuna viungo vingine viwili, kulia na kushoto. Vyote vitatu vimeshikana kama pete moja. Ukilala ubavu bila kitu katikati ya miguu, mguu wa juu unaanguka mbele na kuivuta pete yote kwa usiku mzima.

REHEMA: Kwa hiyo unaweka mto katikati ya magoti.

TATU: Wengi wanaishia hapo. Uweke kuanzia magoti mpaka kwenye vifundo vya miguu! Goti likiinuka na mguu wa chini ukining'inia, nyonga bado inapinda.

REHEMA: Hilo sikulijua. Mimi naufinyanga, naubana magotini tu.

TATU: Ndiyo maana umekutoroka.

REHEMA: Haukutoroka, umeibiwa. Halafu basi, niligeukaje? Nilikumbuka ulivyonionyesha. Nikayarudisha magoti pamoja, nikayakunja, nikayabana. Nikashusha pumzi, na wakati naishusha nikageuka mzima mzima kama gogo, mabega, nyonga na magoti vikienda kwa pamoja. Kisha miguu yote miwili ikashuka kitandani, nikajisukuma kwa mkono nikakaa. Msalani nilifika.

TATU: Gauni la kulalia je?

REHEMA: Lile linaloteleza. Kweli linasaidia. La pamba lilikuwa linanishika kwenye shuka, nageuka mimi, lenyewe limebaki.

TATU: Haya, sasa karatasi. La kwanza, ngazi...

REHEMA: Sijamaliza. Asubuhi nikaenda kliniki. Nikaeleza yote, kugeuka, ngazi, kuingia kwenye gari, kuvaa nguo nimesimama kwa mguu mmoja. Mkunga hakuinua uso. "Kawaida hiyo, mama. Ukijifungua itaisha." Akaita mwingine. Tatu, neno hili kawaida silitaki tena.

TATU: Mimi lilinisaidia.

REHEMA: Lilikusaidia nini?

TATU: Nilipoanza kuumwa nilidhani mtoto ana tatizo. Nilidhani nitavunjika wakati wa kusukuma. Mtu aliponiambia ni kawaida, usiku ule nililala. Kuna mwanamke anaambiwa "mifupa yako imeachia", basi anaanza kutembea kama kabeba mayai kichwani, anaacha kusogea kabisa, misuli inalegea, maumivu yanazidi. Hofu nayo inauma.

REHEMA: Lakini kuwapata wengi si sababu ya kuachwa. Karibu mjamzito 1 kati ya 5 anapata maumivu haya. Angepaswa kunipa njia ya mtaalamu wa viungo, mkanda wa nyonga, mazoezi, hata hesabu ya parasetamoli na onyo la kutogusa ibuprofeni. Na kuna jambo moja dogo sana. Unalala chali kwa dakika chache tu, unatanua magoti mpaka pale maumivu yanapotaka kuanza, mtu anapima kwa futi ya fundi nguo nafasi kati ya goti na goti. Inaandikwa kwenye kadi. Siku ya kujifungua wanajua wasikutanue kupita hapo, unazalia ubavu au umepiga magoti na mikono. Nani atanipima mimi niliyeambiwa kawaida?

TATU: Hapo kosa ni la yule mkunga kutomaliza sentensi. Angesema "ni kawaida, na tunafanya hivi na hivi".

REHEMA: Hawamalizi! Neno lenyewe ndilo linalofunga mlango. Na wewe, samahani dada yangu, mtoto ana miezi minane na bado unashika ukuta ukipanda ngazi. Kama usingetulizwa na hilo neno, ungetafuta msaada mapema.

TATU: (kimya) Hilo limenigusa. Lakini sikubali. Nilienda kwa mtaalamu kwa sababu sikuwa na hofu. Ningekuwa nimetishwa, ningejilaza.

REHEMA: Ulienda mtoto akiwa na miezi mitano.

TATU: Nilienda.

REHEMA: Na mimi sikubali.

TATU: Basi tubaki hivyo.

REHEMA: Tubaki hivyo. Alikuambia nini yule mtaalamu?

TATU: Kwamba baada ya kujifungua wengi wanapona ndani ya wiki au miezi michache, ila wapo tunaochelewa. Mimi yalihamia nyuma na pembeni ya nyonga, kwa sababu mtoto nambeba upande wa kushoto tu, nyonga nimeitoa nje kama rafu ya kumkalishia. Alinitazama navyosimama tu akajua. Sasa nambeba katikati, kifuani. Na kila jioni nalala chali, nakunja magoti, nabana misuli ile ya kuzuia mkojo, nanyanyua makalio taratibu, nahesabu hadi 5, nashusha. Mwanzo niliweza mara 4. Sasa 12.

REHEMA: Mto unaweka wapi hapo?

TATU: Mto unao wewe!

REHEMA: Anao baba watoto.

TATU: Namsalimia, na aurudishe. Jamani, fundi wa kurekodi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Mambo matano yamekwisha kufa, hata la kwanza sikulisoma. Nisome mstari mmoja tu wa mwisho. Ganzi kwenye mapaja kwa ndani au sehemu za siri, mkojo au choo kutoka bila kujua, miguu kukosa nguvu, kushindwa kabisa kukanyaga, homa, damu, au maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37. Hayo usilale nayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

REHEMA: Na hata wakikuambia ni kawaida, urudi.

TATU: Rehema.

REHEMA: Nimesema.

TATU: Na ngazi je? Nimeziandika ukurasa mzima.

REHEMA: Wiki ijayo. Nipe mkono niinuke.

TATU: Magoti pamoja kwanza. Shusha pumzi. Haya.