Kufuli la Jikoni: Maisha ya Mtoto Mwenye Prader-Willi

Wakubwa zangu shikamooni. Wazazi wenzangu na wauguzi, karibuni.

Wazazi wa mtoto mwenye Prader-Willi, ugonjwa wa kuzaliwa nao, huniuliza, "Daktari, ataishi?" Ataishi. Kazi iko kwenye kumlisha.

Mtoto huyu huzaliwa mlegevu, hana nguvu ya kunyonya, hata kilio chake hafifu. Wengi hulishwa kwa mrija wa puani wiki kadhaa. Halafu miaka inapita, na yule aliyebembelezwa anywe tone moja anaanza kula asishibe. Anaamka usiku kutafuta chakula. Msimwite mlafi: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi haipati habari kwamba tumbo limejaa.

Chanzo ni jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, za kromosomu ya 15, zinazotakiwa zitoke kwa baba. Mara nyingi kipande chenye jeni hizo kimekatika. Wengine wamepata kromosomu zote mbili kwa mama, ambako jeni hizo huwa zimezimwa. Baba, usijilaumu, na ndugu wa mume wasimlaumu mama. Kwa kawaida hutokea tu, na kujirudia ni nadra.

Daktari Prader na wenzake waliueleza ugonjwa huu Zurich, Uswisi, mwaka 1956. Vitabu vya zamani vilionyesha kijana mnene kupindukia, anayekufa mapema kwa moyo, mapafu au kisukari. Walioandikwa humo ni watoto ambao ugonjwa wao ulijulikana kwa kuchelewa. Siku hizi kipimo cha damu huubaini mtoto akiwa mchanga. Homoni ya ukuaji, iliyoidhinishwa kwao Marekani mwaka 2000, huongeza kimo na misuli, na Machi 2025 ikaidhinishwa huko dawa ya kwanza ya njaa hiyo. Wapo wenye ugonjwa huu waliovuka miaka 50.

Bei ya dawa hizo mnaijua, sitaisema. Kufuli la jikoni mnaliweza, na saa za kula zisizobadilika, na sahani iliyopimwa. Penye ugumu ni kwa jirani. Kwetu mtoto akipita tunasema "karibu chakula", na kumnyima tunaona haya. Basi piteni nyumba kwa nyumba, muwaeleze, na mwenye duka pia, na mwalimu.

La mwisho, wauguzi mnisikie vizuri. Mtoto huyu hutapika kwa nadra, na maumivu huyasikia kwa mbali. Akitapika au tumbo likivimba baada ya kula sana, huenda tumbo liko karibu kupasuka. Msingoje kupambazuke.