Mcheri Unaoinama: Tuanzie Kwenye Shina

Habari za jioni, na karibuni nyote. Nimeombwa nizungumzie mcheri wa maua, ule ambao matawi yake huning'inia hadi karibu na ardhi. Najua wengi mmevutwa na maua. Hayo nitayapitia haraka, kwa kuwa mti wenyewe unajua kuyaleta. Mimi nataka tukae kwenye shina, sehemu ambayo mnunuzi wa mche huisahau.

Ukifika kitaluni, papasa shina la mche kuanzia chini. Mara nyingi, kwenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.8, mkono utakutana na uvimbe au kovu. Hapo ndipo mti ulipobebeshwa, yaani kipande cha mti mmoja kiliunganishwa kwenye shina la mwingine. Chini ya kovu una mcheri mwingine kabisa, mara nyingi mcheri-mwitu wa Ulaya, Prunus avium, ambao hukua wima na hauna habari ya kuinama. Juu ya kovu ndipo unapoanza mcheri wa Kijapani ulioulipia. Umenunua miti miwili iliyounganishwa, na kazi yako kubwa ni kuhakikisha wa chini haumezi wa juu.

Mbona matawi yenyewe hayainuki? Tawi la mti wa kawaida wenye majani mapana likianza kuelemewa, hujitengenezea upande wa juu mbao yenye nyuzi zinazokaza, zikalivuta lirudi juu. Kwa mcheri huu kazi hiyo haifanyiki vya kutosha. Tawi hurefuka upesi kabla halijakomaa, uzito ukalilaza. Watafiti wa Japani walipotia homoni iitwayo jibereli kwenye machipukizi yake, yalikua wima. Kwa hiyo kuinama huku si ugonjwa wala kiu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoumwagia maji kila siku wakidhani umenyauka!

Linalofuata ni kimo. Kwa kuwa matawi hushuka, mti uliobebeshwa kwenye mita moja na nusu hautarefuka sana kupita hapo. Utatanuka zaidi kuliko kupanda. Aina ya Kijapani iitwayo Kiku-shidare-zakura, yenye maua ya waridi yaliyosongamana petali, hubaki mfupi na hufaa bustani ndogo. Lakini jamii nyingine ya Kijapani, Higan inayoinama, huja kuwa mti mkubwa kweli, hivyo usiupande chini ya dirisha. Mcheri mashuhuri wa Miharu, mkoani Fukushima, uliotangazwa kuwa urithi wa asili wa taifa la Japani mwaka 1922, ni wa jamii hiyo, na umri wake unakadiriwa kupita miaka 1,000. Ukitaka kupita chini ya matawi, nunua uliobebeshwa juu, maana kosa hilo huwezi kulirekebisha baadaye kwa mbolea.

Mahali pa kupanda pawe na jua walau saa sita kwa siku, na maji yasituame. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama kesho yake maji bado yamo, tafuta pengine au inua tuta. Mizizi ya miti ya jamii hii ina kemikali ambayo, udongo ukikosa hewa, huvunjika na kutoa sumu ya sianidi, ikaiua mizizi yenyewe. Ndiyo maana mcheri uliotuamiwa na maji hufa ghafla namna ile. Majani nayo yana sumu hiyohiyo, hasa yakianza kunyauka, kwa hiyo matawi uliyokata usiwatupie mbuzi wala ng'ombe.

Shimo la kupandia liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Pale shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi pabaki wazi. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mwagilia kwa wingi na kwa nafasi katika miaka ya mwanzo. Mbolea isiwe nyingi.

Sasa turudi kwenye kovu. Chipukizi lolote linalotoka chini yake ni la mti ule mwingine. Likiwa bado bichi, liondoe kwa kidole gumba. Ukilichelewesha ukalikata kwa mkasi, huacha vijicho vinavyochipua tena. Yanayotoka kwenye mizizi, fukua udongo uyang'oe. Ukiyaacha, yatapanda wima yakatokeza kati ya matawi yanayoning'inia, na kwa kuwa yana nguvu zaidi, mwishowe utabaki na mcheri-mwitu wenye maua meupe. Lakini tazama vizuri kabla ya kukata! Chipukizi linaloelekea juu likitoka juu ya kovu ni la mti wako halali, na aghalabu litapinda lenyewe likisharefuka. Hilo ndilo litakaloongeza kimo kidogo. Liache.

Kupogolea kwenyewe ni kupunguza: toa yaliyokufa, yanayosuguana, na yaliyosongamana ndani hadi mwanga haupiti. Sipendi kabisa mti uliokatwa ncha zote sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Kila ncha iliyokatwa hutoa kifundo cha vijitawi, na mteremko ule mzuri unapotea. Fanya kazi hii maua yakishapukutika, siku kavu. Vichipukizi vya maua ya mwaka ujao hutengenezwa majira ya joto, hivyo anayekata wakati wa baridi anakata maua yake. Tena baridi yenye unyevu ndiyo nafasi ya kuvu wa jani-fedha, ugonjwa unaoyapa majani rangi ya fedha, na ya bakteria wanaoozesha gome hadi gundi ikatiririka.

Wanaoishi kwenye joto mwaka mzima nitawaambia waziwazi: mti huu unahitaji wiki nyingi za baridi, takriban nyuzi 0 hadi 7 za Selisiasi, ndipo vichipukizi viamke pamoja. Bila hiyo utapata majani machache na maua ya kubahatisha.

Kuna mwenzetu pale nyuma ameuliza kama unaweza kuupata mti huu bila kubebesha. Unaweza. Mbegu haziaminiki, maana baadhi ya miche itainama na mingine itasimama wima. Vipande vya matawi laini vya mwanzo wa majira ya joto ni bora zaidi. Mche wa kipande hautajisimamisha, hivyo simika nguzo, chagua chipukizi moja lenye nguvu, ulifunge likipanda hadi kimo unachotaka, ndipo uliachie lianguke. Kamba iwe laini, na uilegeze kila mwaka kabla haijakata gome.