Homa ya Papasi kwa Mtoto: Tiba Rahisi Yenye Saa Chache Ngumu

Waheshimiwa wenyeji wetu, waganga na wauguzi wa zahanati, wazazi na walezi mliofika,

Nimeombwa kuzungumzia tiba ya maambukizo yanayoenezwa na kupe kwa watoto, nami naomba ruhusa ya kuibana mada hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa hapa Dodoma anayetusumbua zaidi si kupe wa ng'ombe tunayemkuta amejishikiza ngozini, bali ni papasi, kupe mwenye ngozi laini. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa takribani nusu saa, kisha hurudi mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Kwa hiyo kumuuliza mama kama mwanawe ameumwa na kupe hakutufikishi mbali. Afadhali kumuuliza mtoto analala wapi, na sakafu ya hapo ni ya nini.

Ugonjwa anaoueneza, homa ya papasi, si mgeni kwetu. Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa bakteria, alipokuwa katika nchi hii mwaka 1905, enzi za Wajerumani, aliwakuta papasi katika vibanda vya mapumziko kando ya njia za misafara, na akaviona vimelea vya ugonjwa huu hata ndani ya mayai yao, maana yake papasi huwarithisha wanawe ugonjwa. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo aliambukizwa akafariki, na bakteria tunayemzungumzia, Borrelia duttonii, amepewa jina lake. Jambo moja la wakati ule lingali na faida kwetu: wageni waliolala katika vibanda vile waliugua vibaya, ilhali wenyeji watu wazima waliokuwa wameumwa tangu utotoni hawakuugua sana. Mtoto mdogo, hata akiwa amezaliwa humohumo kijijini, kinga yake ni ya mgeni.

Homa hii huja kwa vipindi. Mtoto huchemka kwa siku tatu hivi, akaumwa kichwa, akatapika, pengine akapata degedege. Kisha homa hushuka ghafla, akacheza kama wenzake kwa wiki nzima, na baadaye ikarudi. Hurudi kwa sababu bakteria hubadilisha vazi lake, na askari wa mwili waliokwisha kulizoea vazi la kwanza hawamtambui katika la pili.

Hapo ndipo nilipowahi kukosea mwenyewe. Nilikuwa kijana kazini, nikaletewa mtoto wa miaka minne mwenye homa kali. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini nilimpa dawa ya malaria kwa kuwa nilikuwa nimezoea kufanya hivyo. Homa ikashuka, nikajipongeza. Siku kumi baadaye akarudishwa, nikampa tena, ikashuka tena. Mara ya tatu mtaalamu wa maabara, bila mimi kumwagiza, alipaka tone nene la damu akalitazama kwa darubini, akaniita nije nione vimelea vyembamba vilivyojiviringa kama hesi ya skrubu. Dawa yangu haikuwa imetibu chochote. Homa ilikuwa ikishuka kwa zamu yake. Ndugu zangu wa zahanati, kipimo cha haraka ni kizuri kwa kazi yake, lakini hakiwezi kumwona bakteria huyu, na kama darubini imefungiwa kabatini kwa sababu kipimo hicho kipo, basi ifunguliwe. Damu ichukuliwe mtoto akiwa na homa, kwa sababu katika siku za nafuu vimelea huwa vichache mno kuonekana.

Dawa zenyewe ni za bei nafuu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane tumezoea kutumia eritromaisini, kwa kipimo cha uzito wake, kwa siku saba hadi kumi. Aliyezidi umri huo anaweza kupewa doksisaiklini. Hofu juu ya dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambayo doksisaiklini ni mojawapo, ni madoa ya kudumu kwenye meno yanayoendelea kukua, ingawa siku hizi wataalamu wengi wanakubali kwamba doksisaiklini ya siku chache haina madhara hayo, na kwa homa ya riketsia, yaani bakteria wengine wanaoletwa na kupe wa porini, ndiyo dawa ya kwanza hata kwa mtoto mdogo. Wazazi, msikatishe dozi siku ya tatu kwa kuona mtoto anakimbia. Bakteria huyu hujificha hadi kwenye ubongo, ambako dozi moja, inayotosha kwa homa ya vipindi inayoenezwa na chawa kule Ethiopia, haimmalizi.

Sasa nifike kwenye saa ngumu nilizozitaja. Ndani ya saa moja hadi nne baada ya dozi ya kwanza, bakteria wengi hufa kwa pamoja, na mabaki yao huutikisa mwili: mtoto hutetemeka, homa hupanda kuliko ilivyokuwa, mapigo ya moyo hukimbia, na shinikizo la damu laweza kushuka hadi hatari. Mama anayeliona hilo akiwa nyumbani ataamini kwamba mwanawe amepewa sumu, na sitamlaumu akizitupa dawa. Muuguzi asiyelijua ataandika kwenye kadi kuwa mtoto ana mzio, na dawa nzuri itakuwa imepigwa marufuku maisha yake yote. Kwa hiyo dozi ya kwanza itolewe asubuhi, kituoni, mama akiwa ameambiwa mapema kitakachotokea. Mtoto apimwe mapigo na shinikizo mara kwa mara, apewe maji ya kutosha na paracetamoli, na dripu iwe karibu. Ikifika jioni wengi huwa wametulia.

Mjamzito naye asisahaulike, kwani bakteria hupenya kondo la nyuma, mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa akiwa mgonjwa. Kichanga mwenye homa katika wiki ya kwanza, ambaye mama yake analala kwenye tembe, nyumba ya udongo, atazamwe damu yake na ya mama pia.

Yule mtoto wa miaka minne alipona, lakini alikuwa akirudi kwenye sakafu ileile, na papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Babu yake hakuwa na fedha za kujenga nyumba mpya. Alisakafia kwa saruji chumba kimoja tu, kile cha watoto, akaziba nyufa za ukuta, akanunua kitanda cha kamba na kukiweka katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne.