Mbwa Amekatwa Mguu, Amerudi Nyumbani: Anza na Sakafu

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo, wa rika langu mambo vipi. Hapa Minnesota theluji bado haijaamua kuondoka, kwa hiyo tuongee tukiwa ndani. Swali la leo mmelileta wengi kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile: mbwa kagongwa na bodaboda, daktari wa mifugo kasema mguu hauokoleki, kaukata, sasa mbwa yuko nyumbani na kila mtu anamtazama tu. Na najua yupo atakayeandika pale chini kwamba binadamu wenyewe hawahudumiwi hivyo. Sawa baba, tumekusikia, tuendelee.

Shikeni hili kwanza. Mguu uliokatwa umeshakwenda. Kazi yako wewe ni ile mitatu iliyobaki. Mbwa akiwa mzima, miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake, ya nyuma asilimia 40. Kwa hiyo aliyekatwa mguu wa mbele ana shughuli kubwa zaidi: mguu mmoja wa mbele sasa unafanya kazi ya miwili, na kichwa chake kitapiga juu na chini kila hatua. Wa nyuma hupata nafuu mapema. Anausogeza ule uliobaki katikati ya mwili, mkia unakuwa usukani, safari inaanza.

Wengine mnalalamika, "Mbona wamekata wote? Si wangeacha kigutu?" Hapana. Mguu wa mbele kwa kawaida huondolewa pamoja na mfupa wa bega, wa nyuma hukatwa katikati ya paja au kwenye nyonga. Ukiacha kigutu kirefu mbwa atajaribu kukikanyagia, kitagonga chini, kitachubuka, utauguza kidonda kisichofunga. Daktari aliyekata juu alikuwa anakusaidia.

Sasa sakafu. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kuwaeleza, ni hili. Nyumba za siku hizi kwetu ni tailizi zinazong'aa kuanzia sebuleni hadi jikoni. Mbwa wa miguu mitatu akiteleza hana mguu wa nne wa kujishikilia. Anapasuka msamba, misuli ya paja inachanika, mshono unavutika, na baya zaidi anaanza kuogopa kusimama. Mtu anasema mbwa amekata tamaa, kumbe mbwa anaogopa sakafu.

Tandika njia. Huhitaji kufunika nyumba nzima. Mstari wenye upana kama sentimita 60 unatosha, kutoka anapolala, kwenda kwenye maji na chakula, hadi mlango wa kutokea. Mikeka ya mazoezi ya yoga inafanya kazi vizuri sana, na mazulia ya mpira ya mlangoni pia. Gunia la katani nalo linafaa, mradi ulibandike pembeni kwa gundi ya tepu lisisogee. Mkeka wa ukindu usitandike, unateleza wenyewe. Zulia linalohama ni mtego mkubwa kuliko sakafu tupu. Na kwa taarifa yenu, mwenye nyumba ya saruji ya kawaida, ile isiyosuguliwa ikang'aa, yuko mbele ya mwenye jumba la vigae. Mbwa wake anakanyaga na kushika.

Ngazi ziba, hata kwa ubao. Kitandani na kwenye kochi asirukie, na kushuka ni kubaya zaidi kwa aliyekatwa wa mbele, kwa sababu uzito wote unatua kwenye kifundo kimoja.

Usiku wa kwanza mjiandae. Mbwa anaweza kulia, kuhema haraka, kutazama ukuta kama asiyewatambua. Mara nyingi ni dawa za usingizi na za maumivu makali zinazotoka mwilini, na hutulia ndani ya saa 12 hadi 24. Lala karibu naye, punguza taa. Ukimshika, kumbuka hata mbwa aliyekulia mikononi mwako anaweza kung'ata akiwa na maumivu. Kumbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mshono ukae upande wa mbali na mwili wako.

Chakula siku hiyo mpe nusu. Mkojo lazima utoke ndani ya saa 24. Usipotoka, mpigie daktari. Choo kikubwa kinaweza kukawia siku 3 hadi 5, kwa sababu hakula kabla ya upasuaji na dawa za maumivu zinafunga tumbo. Hapo msihangaike.

Tumfikie mfamasia wa mtaani. Jamani. Diclofenac marufuku. Ibuprofen marufuku. Hizi zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na kwetu zinauzwa kama pipi. Ile "nusu kidonge tu" ndiyo inayoua. Meloxicam ni dawa ambayo madaktari wa mbwa wanaitumia kweli, ndiyo maana inachanganya watu. Dozi yake ya kila siku, baada ya ile ya kwanza, ni miligramu 0.1 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 2. Kidonge cha binadamu kina 7.5 au 15. Ukimpa kimoja kile kidogo umeshampa karibu mara nne. Dawa ya daktari wake, kipimo cha daktari wake, na apewe baada ya chakula. Akitapika, akiharisha, au choo kikawa cheusi kama lami, simamisha na upige simu. Na kama kuna mtu alimchoma dexamethasone, sindano ya steroidi ya kutuliza uvimbe, mwambie daktari kabla hajaandika meloxicam. Zikikutana mbili hizo tumbo linaungua.

Nyingine mtakayoandikiwa ni gabapentin, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Itamfanya alegee na kuyumba siku za mwanzo, hiyo ni kawaida. Usiikatishe ghafla, inapunguzwa taratibu. Na gabapentin ya maji ya binadamu angalieni lebo: baadhi zimetiwa xylitol, kitu cha kuongeza utamu badala ya sukari ambacho ni sumu kwa mbwa. Chukueni ya kapsuli.

Halafu pimeni uzito upya. Mguu nao ulikuwa na kilo zake, na dozi inafuata uzito wa leo.

Mshono. Nyuzi au pini hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kabla ya hapo hakuna kuoga, hakuna kulamba. Ile kola ya plastiki kama faneli anaichukia, lakini dakika tano za kulamba zinafungua kazi ya saa mbili. Mbwa akishindwa kabisa kula nayo, ivue wakati wa chakula ukiwa umesimama pale pale, kisha irudishe. Fulana ya pamba ya mtu inasaidia kwa mshono wa bega: mguu wa mbele uliobaki kwenye mkono wa fulana, mgongoni ukusanye na kufunga kwa raba ya nywele. Ikilowa, ibadilishe.

Usipake spiriti, wala haidrojeni peroksaidi, wala majivu, wala mafuta ya breki. Ndiyo, nimeona mmeuliza mafuta ya breki. Mshono mkavu unaachwa mkavu. Siku 3 za kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Damu kuvilia hadi tumboni, rangi ya zambarau, hutisha lakini ni mvutano wa dunia unaivuta chini. Ukiona kifuko laini cha majimaji karibu na mshono, kisicho na joto wala maumivu, kiache, kitanywea chenyewe kwa wiki kadhaa. Akitokea fundi mwenye sindano anayetaka kukinyonya, mkatazeni. Sindano ndiyo inayoingiza wadudu.

Uvimbe wenye joto, usaha, harufu, au mshono kuachia, hiyo ni safari ya daktari siku hiyohiyo. Joto la mwili la mbwa ni kati ya 38 na 39.2; likivuka 39.5, usisubiri kesho. Kipimajoto kinaingia nyuma, kipakwe Vaseline kwanza. Na fizi zikiwa nyeupe huku mbwa amelegea, damu inatoka ndani, kimbia. Aliyeko Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyeko Nairobi kuna Kabete, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Jambo ambalo video za huku hazitawaambia, kwa sababu wakati wa baridi huku hakuna nzi: nzi wa kijani. Kwa joto la Dar au Mombasa anataga kwenye mshono wenye unyevu, vijiyai vyeupe kama chembe za mchele mdogo, na ndani ya siku moja funza wameanguliwa. Kwa hiyo mbwa alale ndani, au chini ya chandarua, na mshono ukaguliwe asubuhi na jioni, tochi mkononi, hadi kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya mkia. Mkiona funza, msimwagie mafuta ya taa. Yanaunguza nyama, na funza wa ndani hawaguswi. Daktari awatoe.

Kutoka nje kwa haja, tumieni taulo. Kwa aliyekatwa wa nyuma, lipite chini ya tumbo mbele kidogo ya paja, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo. Kwa dume, taulo likimbana kwenye uume hatakojoa, lisogeze mbele. Mfuko wa dukani wa kitambaa, ukikata pembeni pande mbili, unakuwa kombeo zuri lenye mishikio tayari. Usimnyanyue, nyayo ziguse ardhi, wewe unamsindikiza tu. Aliyekatwa wa mbele anahitaji mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni, na mahali unapopita kwenye mshono wekeni kitambaa laini.

Sasa nije kwenye mtego unaowakamata karibu wote. Siku ya tano au ya saba mbwa anatimua mbio uani. Familia inashangilia, video inatumwa kwenye grupu la ukoo, kamba inafunguliwa. Ndugu zangu, kwa mbwa wa miguu mitatu kukimbia ni rahisi kuliko kusimama. Akiwa kwenye mwendo, mwili unajibeba kwa kuruka. Akisimama, au akitembea polepole, misuli ya mgongo na ya mguu uliobaki inashika uzito muda wote. Kwa hiyo mbio hazikuambii amepona. Kikuambiacho ni kusimama: anasimama muda gani akinywa maji kabla ya kukaa? Je, miguu inatetemeka?

Basi wiki 2 za kwanza ni kamba, haja na kurudi, dakika 5, mara 4 hadi 6 kwa siku. Nyuzi zikitoka, dakika 10 mara 3. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki, kwa sharti moja: umwangalie asubuhi ya kesho yake. Akiamka mgumu, amelemaa, au hataki kunyanyuka, ya jana yalizidi, rudi nyuma. Matembezi mafupi mara nyingi yanamjenga, ila yale marefu ya Jumamosi peke yake yanamvunja.

Mazoezi ya ndani, baada ya nyuzi kutoka: kipande cha ini mbele ya pua, kipeleke polepole hadi kwenye nyonga, shingo ifuate, upande huu mara 5, upande ule mara 5. Kukaa na kusimama, mara 5. Akizoea, miguu ya mbele juu ya mto mgumu, sekunde 10. Yote juu ya ule mkeka. Bakuli la maji liinueni lifike usawa wa kifua, hasa kwa wa mbele. Kuinama kwa mguu mmoja ni kuanguka kwa pua.

Kuna kitu kinawashtua watu: mbwa amelala, ghafla anapiga kelele, anageuka kutazama mahali mguu ulipokuwa. Misuli ya pale inakaza, na ubongo bado unapokea taarifa za mguu ambao haupo. Msimkaripie. Andikeni saa na mara ngapi, mpelekeeni daktari. Dozi ya gabapentin huenda ikabadilishwa.

Uzito sasa. Pitisha viganja kwenye mbavu. Fungua mkono wako, gusa mgongo wa kiganja kwenye vifundo vya vidole: mbavu zisikike hivyo. Zikisikika kama sehemu laini ya ndani ya kiganja, amenenepa, na kila kilo ya ziada inaelemea viungo ambavyo tayari vinabeba sehemu ya mwenzao. Punguza ugali kwa robo, dagaa usipunguze. Mabaki ya mchuzi wa vitunguu hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

Kama mguu ulikatwa kwa saratani ya mfupa, hizo ni habari nyingine: kipande kipimwe maabara, kifua kipigwe picha, na tiba ya kemo, kama ipo, huanza karibu na wakati nyuzi zinapotoka. Muulizeni daktari mapema, siyo miezi mitatu baadaye.

Na wanaouliza mguu wa bandia: ukikatwa begani au nyongani hakuna pa kuuvalisha. Pesa hiyo nunueni mikeka, na mkasi wa kucha. Kucha zikigonga sakafu anapotembea, ni ndefu. Zinainua kidole na nyayo zinapoteza mshiko. Kila wiki 2 au 3 kata ncha tu, na nywele zilizoota katikati ya nyayo zikate ziwe sawa na ngozi. Anayeogopa kukata aanze na kucha moja kwa siku, mbwa akiwa ametoka kula.