Mndimu Wako Una Manjano? Angalia Maji ya Mfereji

Asalamu aleikum watazamaji wangu. Leo niko uani kwetu, Lamu mjini, mbele ya mndimu huu. Yaangalie majani machanga ya juu: yamegeuka manjano, mishipa imebaki kijani. Wengi wakiona hivi hukimbilia mbolea. Ngoja kwanza. Mti umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma hicho kimo udongoni, ila alkali ya chokaa, yaani kinyume cha asidi, imekifunga, mizizi haikipati.

Maji yetu hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na huja na chokaa iliyoyeyuka. Chungulia ndani ya birika hili la chai. Huu utando mweupe mgumu ndio hiyo chokaa, na kila ukimwagilia unaiongeza kwenye tuta.

Sasa tupime udongo. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, utie siki. Umeona povu? Basi chokaa imejaa. Hapa si maji peke yake: tuta limeegemea ukuta wa kale wa matumbawe, na plasta yake humomonyoka ikaangukia humu miaka nenda miaka rudi. Tafadhali, kama unaanza bustani leo, lisogeze tuta mbali na ukuta. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na asumini zangu mbili zikafa.

Twende kwenye maji. Jaza ndoo ya lita 20, chovya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha asidi na alkali: juu ya 7 ni alkali, chini yake ni asidi. Ikizidi 7.5, tia siki kijiko kimoja kikubwa, koroga, pima tena. Ongeza kimoja kimoja mpaka ifike 6.5, usishuke chini ya 6. Mwagilia siku hiyohiyo, shinani. Lakini siki huliwa na vijidudu vya udongo, nguvu yake haidumu, kwa hiyo iweke kwa miche na mimea ya vyunguni. Na kama maji yako ni ya chumvi, siki haiondoi chumvi.

Kwa tuta zima, tegemea mboji na maji ya mvua. Masika yakianza, acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga mapipa. Majivu ya jikoni usiyatie kabisa, nayo ni alkali.

Mti ukiwa umedhoofika sana, uliza duka la pembejeo mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA. Hiyo hustahimili udongo wa chokaa.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi. Wewe tazama yanayochipua.