Kupepesa taa kwa Forth ndani ya Arduino Uno

Karibuni tena. Leo ni kitu ninachokipenda kuliko vyote mezani hapa: Forth, lugha ya programu, inayoishi ndani ya chipu yenyewe. Chipu ni ATmega328P, ile ya Arduino Uno. Flashi kilobaiti 32, RAM kilobaiti 2, na bado mkalimani, kompaila na kamusi ya maneno yake vyote vinaenea humo. Kompyuta inabaki kuwa kibodi na skrini tu.

Tunatumia FlashForth ya Mikael Nordman, programu huria ya leseni ya GPL. Faili la heksi, yaani programu iliyo tayari kwa chipu, unalichoma kwa USBasp, kifaa cha kuchomea chipu, na avrdude, programu inayokiendesha. Amri iko kwenye skrini, simamisha video uinakili. Ujue tu kwamba butiloda ya Arduino, ile programu ndogo inayopokea msimbo kupitia USB, inafutika. Ukitaka kuirudisha, utaichoma upya.

Yangu nimeshachoma. Nafungua terminali, programu ya kuzungumza na chipu kupitia kebo. Kasi 38400, Enter. Umeona `ok<#,ram>`? Iko hai. Andika `2 3 + .` nayo inajibu 5. Namba kwanza, tendo baadaye.

Sasa sikiliza vizuri. Washa XON/XOFF, njia ya chipu kuiambia kompyuta isubiri au iendelee, kwenye terminali kabla hujatuma faili. Chipu ikiwa inaandika flashi haipokei herufi, zinazofika wakati huo zinapotea. Nilishakesha usiku mzima nikitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. XON/XOFF. Angalia tena kama imewaka. Haya.

`marker -taa`
`: anza $20 $24 mset ;`
`: washa $20 $25 mset ;`

Alama $ ni namba ya heksi. $24 ni DDRB, rejista inayoamua pini iwe ya kutoa, $25 ni PORTB, rejista inayowasha na kuzima pini, na $20 ni biti ya 5, yaani pini 13 yenye taa ya ubaoni. `mset` huweka biti, `mclr` huifuta. Majina nayaweka kwa Kiswahili kila mara. Kamusi ni yangu, kwa nini nisiijaze maneno yangu?

`:zima` … ngoja. Imerudisha `:zima ?`. Nimegandisha nukta pacha na jina. Forth hutenganisha maneno kwa nafasi, kwa hiyo imetafuta neno “:zima” ikalikosa. Acha nafasi. Hata kabla ya nukta mkato, acha nafasi.

`: zima $20 $25 mclr ;`
`: pepesa anza begin washa #500 ms zima #500 ms key? until key drop ;`

`#500 ms` ni kusubiri milisekunde 500, na `key? until` hurudia mpaka ubonyeze herufi. Ile `key drop` ya mwisho inameza herufi uliyobonyeza kusimamisha, isije ikaingia kwenye mstari unaofuata.

Andika `pepesa`. Inapepesa! Bonyeza herufi yoyote, inatulia.

Ukitaka kubadilisha kitu, andika `-taa` kwanza, kila kilichofuata marker kinafutika. Usirundike matoleo ya zamani, flashi itajaa.

Sasa nachomoa kebo. Narudisha. Sitatuma faili lolote, naandika `pepesa` tu… Tazama pini 13.